MAMBO YA NYUMBANI: Televisheni ya Bei Nafuu kwa Michezo ya Video



Kila likizo ya shule inapokaribia, katika nyumba nyingi za askari jeshi na polisi huzuka ombi lile lile. Watoto wanataka televisheni ambayo wataweza kuiunganisha na mashine ya michezo ya video. Wala ombi hilo si la watoto peke yao. Askari vijana wanaoishi pamoja kambini hukusanya fedha zao wakanunua mashine moja ili wachezee mpira wa miguu jioni, baada ya zamu kumalizika. Na mama wa nyumbani, ambaye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, huuliza swali lililo muhimu kuliko yote: je, fedha hizo zitatoka wapi, na chombo hicho kitatufaa kwa muda gani?

Leo, katika safu yetu, tutazungumza juu ya jinsi ya kuchagua televisheni ya bei nafuu itakayofaa kwa michezo hiyo, na wakati huo huo ikawafaa wazazi kwa taarifa ya habari. Hatutataja bei, maana bei hubadilika kutoka duka hadi duka na kutoka mwezi hadi mwezi. Tutaeleza mambo ambayo mnunuzi yampasa ayajue kabla hajaitoa pochi yake mfukoni, ili asije akalipa fedha nyingi kwa namba zilizoandikwa kwenye sanduku, huku jambo lenyewe linalohitajika halimo.

Jambo lenyewe ni hili: televisheni nzuri kwa michezo ya video ni ile inayoutii mkono upesi. Ukubwa wa kioo ni jambo la pili. Wingi wa nukta za picha ni jambo la tatu. Mnunuzi akiupindua mpangilio huo, atapata chombo cha kupendeza ukutani lakini cha kuudhi mikononi.

KWA NINI PICHA HUCHELEWA

Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, zilifanya kazi kwa njia rahisi. Ndani ya chupa yake ya kioo mlikuwamo mwali wa elektroni uliochora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, papo hapo ishara ilipofika. Hapakuwa na mahali pa kuihifadhi picha wala pa kuitengeneza. Ilipofika, ilionekana.

Televisheni bapa za siku hizi ni tofauti. Picha ikifika, chombo huipokea, huiweka katika kumbukumbu, huipanua ilingane na kioo, huiondolea chembechembe, huikoleza rangi, na mara nyingine hubuni picha za kati ili mwendo uonekane laini. Kazi zote hizo huchukua muda. Mtu anayetazama taarifa ya habari au filamu hatambui chochote, maana sauti nayo hucheleweshwa kwa kiasi kile kile. Bali anayecheza hutambua mara moja, kwa kuwa kidole chake kimekwisha bonyeza ilhali mchezaji wake kiooni bado amesimama.

Wasomaji wetu walio askari watalielewa jambo hili kwa mfano wa gwaride. Kamanda akitoa amri ya kugeuka nyuma, kikosi kizuri hugeuka pale pale neno la mwisho linapotoka. Sasa fikirini kikosi ambacho kila amri inayotolewa hupelekwa kwanza kwa karani, akaiandika daftarini kwa mwandiko mzuri, akaipiga muhuri, ndipo askari wageuke. Amri itatekelezwa, tena kwa unadhifu, lakini gwaride litakuwa limekwisha haribika. Televisheni nyingi zimejaa makarani wa namna hiyo.

Tuhesabu kidogo. Michezo mingi huonyesha picha 60 kwa sekunde moja. Maana yake kila picha hukaa kiooni kwa muda wa karibu milisekunde 17, yaani sehemu 17 kati ya 1,000 za sekunde. Televisheni ikichelewa kwa milisekunde 100, mchezaji anaona mambo yaliyokwisha pita kwa picha sita. Katika mchezo wa kadi au wa mafumbo hilo si kitu. Katika mpira wa miguu, ambapo golikipa hana budi kuruka wakati ule ule penalti inapopigwa, au katika mashindano ya magari, picha sita ni tofauti ya kushinda na kushindwa.

Uko ushahidi wa zamani wa jambo hili. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa kuwinda bata, Duck Hunt, ambao mchezaji alitumia bunduki ya plastiki kulenga kioo. Alipovuta kifyatulio, kioo kilikuwa cheusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mahali pa bata pakatokea kisanduku cheupe. Jicho la bunduki lilitazama kama linauona weupe huo. Mpango wote ulitegemea kwamba picha hutokea kiooni bila kuchelewa hata kidogo. Bunduki ile ile ikielekezwa leo kwenye televisheni bapa, hailengi kitu. Haikuharibika, ni picha tu inayofika wakati bunduki imekwisha maliza kutazama.

DAWA YAKE

Watengenezaji wanaijua kasoro hii, na katika televisheni nyingi wameweka hali maalumu ya mchezo. Katika orodha ya mipango ya picha huandikwa kwa neno la Kiingereza Game. Ukiichagua, chombo huwafukuza wale makarani: huacha kuipamba picha, huipitisha moja kwa moja hadi kwenye kioo. Televisheni nyingi za kisasa zikiwa katika hali hiyo huchelewa kwa milisekunde kati ya 10 na 20 tu. Zikiwa nje ya hali hiyo, nyingine hupita 100. Chombo ni kile kile, kioo ni kile kile, tofauti ni kitufe kimoja ambacho wenye nyumba wengi hawajapata kukigusa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, jaribuni kwanza televisheni mliyo nayo. Itafuteni hali hiyo. Kama haimo, tazameni orodha ya majina ya matundu ya kuingizia waya. Katika televisheni nyingine, tundu likipewa jina la PC, chombo hudhani kimeunganishwa na kompyuta, kikapunguza mapambo yake. Kisha zimeni kimoja kimoja: kulainisha mwendo, kuondoa chembechembe, na kubadilisha mwanga chenyewe. Huenda familia ikagundua kwamba haihitaji kununua chochote, na fedha zile zikaenda kwenye ada ya shule.

Baadhi ya televisheni mpya huandikwa kwenye sanduku herufi ALLM. Maana yake ni kwamba mashine ya michezo ikiwashwa, televisheni hujigeuza yenyewe kuwa katika hali ya mchezo, na ikizimwa hurudi kama ilivyokuwa. Jambo hilo ni zuri kwa nyumba ambayo baba hutaka taarifa ya habari iwe na rangi zake na watoto wanataka mchezo wao. Hata hivyo si lazima, maana rimoti hufanya kazi hiyo hiyo kwa mabonyezo machache.

TAZAMENI MASHINE KABLA YA TELEVISHENI

Kosa la kawaida la wanunuzi ni kuchagua televisheni bila kuuliza ni mashine gani itakayounganishwa nayo. Hiyo ni sawa na kununua risasi bila kujua aina ya bunduki.

Wenye PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, wanayo mashine ambayo picha zake ziliandaliwa kwa ajili ya televisheni za mgongo. Huzituma kwa nusu nusu, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa. Televisheni bapa hulazimika kuziunganisha nusu hizo, na kazi hiyo huongeza kuchelewa na kuzifanya picha kuwa na ukungu. Mwenye mashine hii, asiyekusudia kununua nyingine, atapata raha kubwa kwa fedha kidogo akitafuta televisheni ya zamani ya mgongo iliyo nzima. Ajue tu kwamba ni nzito, na kwamba ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo asiifungue kamwe. Kazi hiyo ni ya fundi.

Wenye PlayStation 3 au Xbox 360 wanayo michezo mingi iliyoandaliwa kwa mistari 720. Kwao televisheni ya inchi 32 yenye nukta 1366 kwa 768, ambayo ndiyo ya bei ya chini kabisa madukani, inatosha. Wenye PlayStation 4 ya kawaida au Xbox One, zilizotoka mwaka 2013, pamoja na Nintendo Switch ya mwaka 2017, watafaidi zaidi kwa kioo chenye nukta 1920 kwa 1080, maana ndicho kipimo cha juu ambacho PlayStation 4 hiyo na Switch hiyo hukitoa katika michezo.

Televisheni ya 4K, yenye nukta 3840 kwa 2160, ina maana kwa mwenye PlayStation 5 au Xbox Series X, zote za mwaka 2020. Ndugu yake mdogo, Xbox Series S, iliundwa kwa kulenga mistari 1440. Lakini hata PlayStation 5 ikiunganishwa na televisheni ya mistari 1080 hucheza vizuri bila taabu. Mwenye kipato kidogo asione haya. Afadhali televisheni ya mistari 1080 inayotii upesi kuliko ya 4K inayosinzia.

NAMBA ZINAZODANGANYA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sanduku lililojaa namba kubwa kubwa halina budi kusomwa kwa uangalifu.

Namba ya kwanza ni ile ya Hz, ambayo hueleza kioo hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Televisheni za bei nafuu, takriban zote, ni za Hz 60, hata kama sanduku linajigamba kwa 200 au 400. Namba hizo kubwa hutokana na picha za kubuni zinazopachikwa katikati ya picha za kweli, na tumekwisha ona kwamba kubuni picha ni kazi ya karani yule yule. Vioo vya kweli vya Hz 120 vipo, na PlayStation 5 na Xbox Series X zinaweza kuvitumia, lakini bei yake si ya safu hii.

Namba ya pili ni milisekunde zinazotajwa kama kasi ya kioo. Hizo hueleza nukta moja huchukua muda gani kubadilika rangi. Ikiwa ndogo, mpira unaokwenda kasi hauachi mkia kiooni. Ni jambo jema, lakini silo lile la kuchelewa kwa picha nzima. Kioo chaweza kubadilika upesi sana baada ya amri kukaa mezani kwa karani muda mrefu. Mwuzaji akikujibu moja ulipouliza jingine, mrudishe kwenye swali lako kwa upole.

Namba ya tatu ni inchi. Inchi 32 ni sentimita 81 kutoka pembe hadi pembe, kwa kupima mshazari. Katika chumba cha kambi, ambamo watoto huketi mkekani umbali wa mita moja na nusu hadi mbili kutoka ukutani, kipimo hicho kinatosha sana. Kioo kikubwa mno katika chumba kidogo humlazimisha mchezaji kuzungusha shingo ili aone pembe zote za kiwanja, na macho huchoka upesi.

NAMNA MBILI ZA KIOO

Vioo vya bei nafuu vingi ni vya namna mbili, nazo huitwa kwa herufi IPS na VA. Kioo cha VA kina weusi uliokolea, na picha za usiku huonekana vizuri. Lakini anayeketi ubavuni huona rangi zimefifia. Kioo cha IPS weusi wake ni wa kijivu kidogo, bali rangi hubaki zile zile hata kwa aliyeketi pembeni. Nyumba yenye watoto watano waliojipanga chumba kizima, kila mmoja akingoja zamu yake, itafurahia zaidi IPS. Mtu mmoja anayecheza usiku peke yake, mbele ya kioo, atapenda VA. Ikiwa mwuzaji hajui kioo ni cha namna gani, simameni mbele ya televisheni iliyowashwa, kisha tembeeni polepole hadi ubavuni mkiitazama. Macho yenu yatawajibu.

Jihadharini pia na televisheni za plasma zilizotumika. Viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza kati ya mwaka 2013 na 2014, na zilizobaki huuzwa kwa bei ya kuvutia. Picha zake ni nzuri na mwendo wake ni laini, lakini hula umeme mwingi, tena kitu kinachokaa mahali pamoja kwa muda mrefu huweza kuacha kovu kiooni. Katika mchezo wa mpira, ubao wa magoli hukaa pembeni juu tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya miezi mingi familia yaweza kuukuta ubao huo ungalipo hata wakati wa sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili inayotangazwa.

UMEME NA ISHARA

Umeme wa nchi yetu ya Uganda ni wa volti 240, kama wa majirani zetu Kenya na karibu sawa na wa Tanzania wenye volti 230. Televisheni iliyotumika Japani huenda imeundwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa 120. Ikichomekwa ukutani bila kifaa cha kupunguza nguvu, huungua siku hiyo hiyo. Soma kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa 100–240, chombo kinafaa popote. Kikiandikwa 100 au 120 peke yake, kiache alikokiweka mwuzaji. Mashine ya michezo nayo isomwe vivyo hivyo.

Umeme unapokatika kisha ukarudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Nunueni kifaa cha kinga kinachongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na chombo kinacholindwa, na maduka yanayouza majokofu huwa nacho.

Kuhusu matumizi, tuchukulie televisheni ya inchi 32 yenye taa za LED inakula wati 40, na PlayStation 4 inakula wati 100. Kwa saa nne hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya uniti ya umeme. PlayStation 5 ikiwa mchezoni hufikia karibu wati 200, na hapo saa nne zinakaribia uniti nzima. Wanaotumia umeme wa jua wafanye hesabu hiyo kwanza, maana betri inayotosha televisheni peke yake yaweza kuzimika kabla ya kipindi cha pili cha mchezo.

Kadhalika, kumbukeni kwamba chombo hiki ni cha taarifa ya habari pia. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofanyika Geneva mwaka 2006, tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa siku ya mwisho ya kulindwa kwa matangazo ya analojia katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki. Kwa hiyo televisheni ya mgongo haitapata matangazo kwa antena bila kisimbuzi. Katika televisheni bapa, tafuteni herufi DVB-T2, ambao ndio utaratibu unaotumika katika nchi zetu. Ikiwa nayo, antena itachomekwa moja kwa moja, na nyumba itaepuka gharama ya kisanduku kingine.

MTIHANI WA DUKANI

Iwe ni Kampala, Jinja, Gulu au Mbarara, mwuzaji mwaminifu hatakataa bidhaa yake ijaribiwe. Chukueni mashine yenu ya michezo, waya wake na pedi mliyoizoea. Kijana anayejua kucheza aende pamoja na mzazi anayejua kulipa. Kila mmoja ana jicho lake.

Kwanza, wekeni mchezo mnaoujua, katika hali ya kawaida ya picha. Pigeni penalti chache. Kisha wekeni hali ya mchezo, mpige tena. Mkono utahisi tofauti kabla ya jicho kuitambua.

Pili, anayetaka hakika zaidi atumie simu yenye kupiga picha za mwendo wa polepole. Simu nyingi za namna hiyo huchukua picha 240 kwa sekunde, yaani picha moja kwa kila milisekunde nne hivi. Pigeni picha kidole na kioo kwa pamoja. Baadaye hesabuni ni picha ngapi zinapita tangu kidole kinapobonyeza hadi mchezaji anapoanza kusogea. Fahamuni kwamba mashine na mchezo wenyewe vina kuchelewa kwao, kwa hiyo hesabu hiyo yafaa kwa kulinganisha televisheni mbili kwa mashine moja na mchezo mmoja tu. Televisheni ya kwanza ikitoa picha 40 na ya pili 25, ya pili imeishinda ya kwanza kwa milisekunde 60 na ushei. Hiyo ndiyo tofauti inayostahili kulipiwa.

Tatu, wekeni picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, mkatafute nukta zilizokufa na mabaka ya mwanga. Nne, hesabuni matundu ya HDMI. Yakiwa mawili au zaidi, kisimbuzi na mashine havitagombana. Mwenye mashine ya zamani yenye nyaya tatu, ya manjano, nyekundu na nyeupe, ahakikishe kwamba matundu yake yapo, maana televisheni nyingi mpya hazina. Tano, dai risiti na karatasi ya dhamana yenye muhuri na tarehe. Bila karatasi, dhamana ni maneno matupu.

Na msitupe sanduku. Maisha ya askari ni ya uhamisho. Leo yuko Bombo, kesho ametakiwa Moroto. Kioo bapa kisafirishwe kikiwa wima, ndani ya sanduku lake na maboya yake, wala kisilazwe chini ya magodoro na masufuria. Vioo vingi vimevunjika njiani.

UTARATIBU WA NYUMBANI

Wako wazazi wanaouliza kama si afadhali kutonunua kabisa. Jibu letu ni kwamba yapasa kutazama mtoto anachezea wapi sasa. Mtoto asiye na mchezo nyumbani huenda kwenye vibanda vya mitaani, ambako hulipa kwa kila mechi, hukaa hadi usiku, na penye watu wazima wanaowekeana dau. Fedha hizo, ziwapo kidogo kidogo, hazionekani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha mwenye kibanda. Mchezo ulio nyumbani una saa yake na una macho ya mama.

Lakini saa hiyo lazima iwepo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili yake kuu ni mtu kushindwa kujizuia, mchezo ukatangulia masomo, usingizi na jamaa, na hali hiyo ikaendelea ijapokuwa madhara yanaonekana. Kwa hiyo nyumba iwe na sheria chache zinazojulikana: kazi za shule na za nyumba kwanza, taarifa ya habari haikatizwi, na siku za shule mchezo hufungwa mapema.

Aidha, someni umri ulioandikwa kwenye kasha la mchezo. Michezo mingi iliyopitia Ulaya huwa na alama ya 3, 7, 12, 16 au 18. Michezo ya mpira kwa kawaida ni ya 3. Michezo ya vita mingi ni ya 18, na alama hiyo iheshimiwe hata katika nyumba ya mwanajeshi, tena hasa humo. Mtoto ambaye baba yake yuko kazini mpakani hana haja ya kuona kifo kikifanywa mzaha.

Jambo la mwisho twalielekeza kwa akina baba. Askari anayerudi likizo baada ya miezi mingi hukuta watoto wamekua, na mara nyingine hawajui waanze kuzungumza naye wapi. Aketi mkekani, apewe pedi, afungwe magoli matano na mtoto wa miaka tisa, acheke. Televisheni ndogo ya mistari 1080 inayoutii mkono inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Ile kubwa ya mkopo, ambayo makato yake yangali yanakula mshahara wakati yeye amekwisha rudi kikosini, haina la kuongeza.

Kwa ufupi, ndugu wasomaji: jueni mashine yenu kwanza; jaribuni hali ya mchezo katika televisheni mliyo nayo; mkilazimika kununua, pimeni utii wa chombo kwa mkono wenu wenyewe dukani; someni volti na DVB-T2; lipeni kwa fedha iliyopo. Hadi juma lijalo, twawatakia amani majumbani mwenu.